Ubingwa wa Vinasaba: Fardhi Kifaya Tuliyoisahau



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kuzungumzia jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa si desturi ya kurasa hizi kulizungumzia. Jambo lenyewe ni mafunzo ya madaktari wanaobobea katika kuyatambua maradhi kwa njia ya vinasaba. Tutaeleza elimu hiyo ni nini, inamhusu vipi mkazi wa Kurasini, Keko au Mtoni, kwa nini wajuzi wake ni wachache, na kwa nini tunaitakidi kwamba kuwapata ni deni lililo shingoni mwa jamii nzima, wala si la Serikali peke yake.

DNA si kesi ya mtoto tu

Mitaani kwetu, litajwapo neno DNA, fikra za wengi huenda moja kwa moja kwenye ugomvi wa mtoto anayekanwa na baba. Si ajabu, kwani habari za vinasaba aghalabu hutufikia kwa mlango huo: shauri limepelekwa Ustawi wa Jamii, sampuli zimekwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yametoka, na ndoa imevunjika au imepona. Shughuli hiyo ina sheria yake ya nchi iliyotungwa mwaka 2009, na sisi Waislamu tunayo pia kauli ya wanazuoni. Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka, katika kikao chake cha kumi na sita cha Januari 2002, liliamua kwamba kipimo cha vinasaba hakiwezi kutumiwa kukana nasaba iliyokwisha kuthibiti kisheria, wala hakitangulizwi mbele ya liani. Kwa hiyo anayedhani kwamba elimu hii imekuja kubomoa nyumba za watu na atulie. Mipaka yake katika mlango huo imekwisha kuchorwa.

Lakini kipimo cha nasaba ni kitawi kimoja tu cha mti mkubwa. Shina la mti huo ni tiba, na hapo ndipo tunapotaka wasomaji wetu watutazame.

Daktari asiyeonekana

Patholojia ni elimu ya kuutambua ugonjwa kwa kuuchunguza mwili wenyewe: damu yake, majimaji yake na nyama yake. Mgonjwa mwenye uvimbe hukatwa kinyama. Kinyama hicho hulowekwa katika dawa ya formalini, kisha huzungushiwa nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Daktari anayetazama hamjui mgonjwa, wala mgonjwa hamjui daktari. Pengine hawataonana maisha yao yote. Hata hivyo ni kauli ya daktari huyo ndiyo inayoamua kama uvimbe ule ni saratani au si saratani, kama ziwa la mama litakatwa au litaachwa, kama kijana ataanza dawa kali au atarudi nyumbani kwa amani. Daktari wa upasuaji akikosea, jicho la watu huona. Huyu akikosea, mgonjwa hutibiwa kwa bidii kubwa ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa muda mrefu hadubini ilitosheleza haja nyingi. Siku hizi haitoshi. Magonjwa mawili yanaweza kufanana kwenye kioo kama mapacha, na tofauti yao ikawa katika maandishi yaliyo ndani kabisa ya chembe hai. Maandishi hayo, yaani vinasaba, kwa mwanadamu yanafikia herufi bilioni 3 hivi, na kazi kubwa ya kimataifa ya kuyasoma ilitangazwa kukamilika mwaka 2003. Daktari wa patholojia ya vinasaba ni yule anayejua kulitafuta kosa moja katika maandishi hayo marefu, akaliunganisha na ugonjwa alio nao mtu aliyelala kitandani. Marekani imeufanya utaalamu huo kuwa fani rasmi yenye mtihani wake tangu mwaka 2001, unaosimamiwa kwa pamoja na bodi ya madaktari wa patholojia na bodi ya madaktari wa elimu ya urithi. Hapa kwetu daktari wa daraja hilo huitwa bingwa mbobezi, yaani aliyekwisha kuwa bingwa, kisha akaongeza.

Mfano ulio karibu nasi

Msomaji atauliza: mambo haya yana uhusiano gani na sisi? Tunamjibu kwa ugonjwa wa selimundu.

Herufi moja tu ikibadilika mahali fulani katika kromosomu ya 11, himoglobini hubadilika, na chembe nyekundu ya damu huacha mviringo wake ikajikunja kama mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo. Mtoto huvimba vidole, macho huwa manjano, damu hupungua, mifupa humuuma usiku kucha, na wengine hupatwa na kiharusi wakiwa bado wadogo. Mwaka 1949 mwanasayansi Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo cha yote haya kimo katika himoglobini yenyewe, na selimundu ikawa ugonjwa wa kwanza duniani kuelezwa kwa namna hiyo. Kwa maneno mengine, elimu tunayoizungumzia ilianza na ugonjwa wetu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Wataalamu hukadiria kuwa ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Pasipo kutambuliwa mapema na kuhudumiwa, zaidi ya nusu ya watoto wa namna hii barani Afrika hukadiriwa kufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Sababu ya wingi huo imejulikana tangu mwaka 1954, pale daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipoonyesha katika utafiti wake wa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa, bali hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana tatizo limekaa zaidi katika nchi za mbu, pwani na kandokando ya maziwa. Ndugu zetu wa Oman nao wanalo, na watafiti wameona kwamba tawi moja la urithi huo miongoni mwao ni la Kibantu, lililovuka bahari kutoka upande wetu huu wa Afrika Mashariki.

Sasa tutazame yanayotendeka majumbani. Mtoto akiugua mara kwa mara, ni nani hunyooshewa kidole? Ni mama. Ataambiwa ana mkosi, ataambiwa ukoo wao una uchawi, na mume atashauriwa kumwacha na kuoa mwingine. Fedha ambayo ingempeleka mtoto kliniki itapelekwa kwa mganga, na kuku mweusi atanunuliwa. Elimu ya vinasaba ndiyo iliyokuja kumtetea mama huyu, kwani imethibitisha kwamba mtoto hawi mgonjwa wa selimundu mpaka awe amerithi kosa kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, sawa kwa sawa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa selimundu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kumpata mbebaji, na nafasi moja ya kumpata asiye na chochote. Hakuna mchawi katika hesabu hiyo. Ni dhulma ngapi zimetendeka katika ndoa zetu kwa kutoijua hesabu ndogo kama hii?

Damu yetu na tiba yao

Tuseme kweli: kuutambua ugonjwa wa selimundu peke yake hakuhitaji bingwa mbobezi. Vipo vipimo vya tone la damu vinavyotoa jibu kwa dakika chache, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuvifanya. Mbobezi anahitajika pale tunapotaka kuvuka kutoka kwenye kutambua na kufika kwenye kuponya.

Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Tiba hiyo haifanyiki kwa kubahatisha. Ni lazima vinasaba vya mgonjwa na vya ndugu anayemtolea uboho vilinganishwe, vinginevyo mwili hukataa, au uboho mpya humshambulia mwenye mwili. Hapo pana kazi ya maabara ya hali ya juu na ya mtu anayeweza kutia saini kwamba hawa wawili wanaoana.

Aidha, mwezi Novemba 2023 Uingereza, na mwezi Desemba mwaka huo Marekani, ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Chembe za uboho za mgonjwa huchukuliwa, husahihishwa maabara kwenye swichi inayozima himoglobini ya kichanga, kisha hurudishwa mwilini, na himoglobini hiyo ya kichanga ikaanza upya kufanya kazi badala ya ile iliyoharibika. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wasomaji wetu na wajue kwamba wagonjwa wa Muhimbili ni miongoni mwa waliotoa damu yao ili swichi hiyo ieleweke. Mpango wa selimundu wa Muhimbili ulioanza mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uingereza, ulichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha namna jeni hizo zinavyofanya kazi kwa Watanzania. Damu yetu imo katika elimu ile. Katika tiba ile hatumo. Na hatutakuwamo, ndugu zetu, mpaka tuwe na watu wetu wanaoweza kuifanya hapa na kuitafutia njia ya gharama nafuu.

Saratani nayo ni vivyo hivyo. Iko saratani ya damu ambayo kiini chake ni vipande vya kromosomu mbili vilivyobadilishana mahali. Alama yake ilionekana kwa mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka 1960. Mwaka 2001 ilipatikana dawa ya kumeza, imatinibi, inayolenga kosa hilo hilo na kuacha mengine, na ugonjwa uliokuwa ukiua kwa miaka michache ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Wagonjwa wa Tanzania wamekuwa wakiipata dawa hiyo bure kwa mpango wa msaada. Lakini dawa haitolewi kwa kukisia; ni lazima kipimo cha vinasaba kithibitishe kwanza. Kadhalika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa nchi yetu imekuwa ikiongoza kwa wanawake, husababishwa na virusi vinavyoweza kugunduliwa kwa kipimo cha namna hii miaka mingi kabla saratani haijaota. Binti zetu wameanza kuchanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu mwaka 2018, lakini mama zao hawakuchanjwa. Mama zao wanahitaji kupimwa.

Njia ya kumpata bingwa

Sasa tumhesabu daktari huyu. Husoma udaktari miaka mitano, hufanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka mmoja, husoma ubingwa wa patholojia miaka mitatu au zaidi, kisha huongeza mwaka wa ubobezi katika vinasaba. Ni takribani miaka kumi tangu aingie chuo kikuu, bila kuhesabu miaka anayolazimika kufanya kazi katikati ili asaidie wazazi. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963 na tangu mwaka 2007 kimekuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Shahada za ubingwa wa patholojia zinapatikana hapo. Mwaka ule wa mwisho wa vinasaba, aghalabu daktari wetu hulazimika kuufuata nje ya nchi, na hapo ndipo wengi wanapoishia njiani kwa kukosa mdhamini.

Katika mwaka huo hujifunza nini? Hujifunza kutoa vinasaba kutoka kwenye damu na kutoka kwenye kinyama kilichokaa ndani ya nta. Hujifunza kukizidisha kipande kidogo cha vinasaba mara mamilioni mpaka kiweze kusomeka. Hujifunza kupambanua kosa linaloleta ugonjwa na tofauti za kawaida ambazo kila mwanadamu anazo, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu vitabu vingi vya rejea vimeandikwa kwa kuwachunguza watu wenye asili ya Ulaya, na tofauti ya kawaida ya Mzaramo au Msukuma inaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa. Hujifunza kuandika majibu ambayo daktari wa wodini atayaelewa, kutunza siri ya mgonjwa, na kusimamia ubora wa maabara. Hata jambo dogo kama formalini limo katika somo lake: kinyama kikikaa humo muda mrefu kupita kiasi, vinasaba huharibika, na mashine ya mamilioni ya shilingi haitasoma kitu.

Korosho ghafi

Sisi wakazi wa Kurasini tunaishi mlangoni mwa bandari. Tumeona kwa macho yetu bidhaa zikitoka zikiwa ghafi na kurudi zikiwa zimesindikwa kwa bei nyingine. Korosho ya Mtwara hutoka na ganda lake, ikabanguliwa ng'ambo, na faida ikabaki huko huko. Sampuli ya mgonjwa inapopelekwa nje ya nchi kwa kukosekana mpimaji, hali ni hiyo hiyo: kinyama kinakwenda ghafi, na elimu inabaki huko. Mgonjwa husubiri majuma kadhaa, na ugonjwa haumsubiri.

Jambo hili si geni. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt aliyekuwa Kampala alieleza uvimbe wa taya unaowaua watoto wa Afrika Mashariki. Vinyama vya watoto hao vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kuona ndani yake virusi ambavyo leo dunia nzima inavijua kwa jina la Epstein na mwenzake Barr. Hatuwalaumu, walifanya kazi njema, na watoto wengi wametibiwa kwa sababu yao. Tunachosema ni kwamba zaidi ya miaka 60 imepita, na bado mara nyingine tunasafirisha vinyama.

Wala asiseme mtu kuwa hatuwezi. Mwezi Machi 2023, maradhi yasiyojulikana yalipoua watu mkoani Kagera, ni maabara yetu ya Taifa iliyothibitisha kwamba ni virusi vya Marburg, kwa vipimo vya vinasaba. Kazi iliyofanywa siku zile za hatari inaweza kufanywa kila siku, pakiwa na watu wa kutosha.

Hoja za wapinzani

Tunajua yatakayosemwa, basi tuyajibu mapema.

Kwanza, watasema: zahanati zetu zinakosa glovu, nyinyi mwataka mabingwa wabobezi? Tunajibu kwamba glovu ni haki ya mgonjwa na tutaendelea kuzidai, lakini moja halizuii la pili. Tena daktari huyu ana sifa wasiyokuwa nayo wengine: mgonjwa hahitaji kusafiri kumfuata. Kinyama kutoka Lindi, Kigoma au Temeke humfikia katika kichupa, naye mmoja akazihudumia hospitali nyingi. Na dawa ya saratani iliyonunuliwa kwa ghali ikapewa mgonjwa isiyemfaa ni hasara kubwa kuliko maboksi mengi ya glovu.

Pili, watasema: tukiwasomesha watatoroka Ulaya na Marekani. Ni kweli wapo wanaobaki huko. Lakini tujiulize kwa insafu, anayerudi hukuta nini? Akikuta mashine imeharibika, vitendanishi vimekwisha na cheo chake hakimo katika muundo wa utumishi, tumemfanya rubani asiye na ndege. Dawa ya kutoroka ni kufundisha hapa nyumbani, kumpeleka mtu nje kwa muda mfupi akachukue kile tu kisichopatikana nchini, kumfunga kwa mkataba wa haki, na kumwandalia kazi kabla hajarudi. Serikali katika miaka ya karibuni imeanzisha ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi uliopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Tunaunga mkono hatua hiyo, na tunaomba patholojia isisahauliwe, maana wanafunzi huikimbia kwa kuwa haina jina mitaani wala zahanati ya jioni.

Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi misikitini, watasema: kuchunguza vinasaba ni kupingana na kadari ya Mwenyezi Mungu. La hasha! Mtume wetu (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu. Sayyidna Omar (r.a.) aliposikia habari ya tauni ya Sham aligeuza safari yake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Aliyeumba ugonjwa ndiye aliyeumba sababu za kuujua.

Fardhi kifaya

Imam Ghazali katika Ihya Ulumid-Din aliitaja elimu ya tiba kuwa miongoni mwa fardhi za kifaya: wakiisimamia baadhi, waliobaki husamehewa, wakiiacha wote, wote hupata dhambi. Kisha akawalaumu watu wa zama zake, zaidi ya miaka 900 iliyopita, kwamba wanasongamana katika mijadala ya fiqhi, ilhali miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Tunaomba kila msomaji apime mwenyewe kama lawama ile imeisha muda wake.

Tumejenga misikiti, na Alhamdulillah. Tumejenga madrasa, na Alhamdulillah. Ndugu zetu Wakristo walijenga KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza, zote zikafunguliwa mwaka 1971, na leo pana vyuo vya udaktari vinavyowahudumia watu wa dini zote, nasi tukiwamo. Hatulitaji hilo kwa husuda. Tunalitaja ili tujue kwamba taasisi ya dini inaweza kumsomesha daktari, na kwamba visingizio vyetu vimekuwa vingi kuliko michango yetu. Ni vijana wangapi wa Kurasini waliofaulu Biolojia na Kemia wakaishia kupakia makontena, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba njia ipo na kwamba watashikwa mkono?

Tunapendekeza nini

Mosi, kila msikiti wenye uwezo, au misikiti kadhaa kwa pamoja, iweke wakfu wa elimu ya tiba. Wakfu huo usisubiri watoto wa shule pekee, bali umtafute pia daktari kijana aliyekwisha kuhitimu na anayetaka kusoma patholojia, umsaidie karo na matumizi ya familia kwa miaka ya ubingwa na ule mwaka wa vinasaba, kwa mkataba wa kurudi. Suala la kutumia fungu la Zaka katika jambo hili tunawaachia maulamaa walitolee kauli. Sadaka na wakfu havina utata.

Pili, masheikh wanaofungisha ndoa wawashauri wachumba wapime selimundu kabla ya posa kutangazwa, hasa pale wachumba wanapokuwa mabinamu, kwa kuwa watoto wa ndugu wa tumbo moja huwa na sehemu moja kati ya nane ya vinasaba vyao inayofanana kwa kurithi kutoka kwa babu na bibi, na kosa lililofichika katika ukoo hupata nafasi ya kukutana. Saudi Arabia ilifanya kipimo hiki kuwa cha lazima mwaka 2004, lakini hata huko, baada ya majibu, wachumba hubaki na hiari ya kuoana. Sisi hatuungi mkono kulazimishana. Twataka watu wajue, kisha waamue wakiwa na ujuzi. Na majibu yawe siri ya wenyewe, maana binti aliyetangazwa mtaani kuwa mbebaji ameonewa.

Tatu, wakuu wa shule zetu za Kiislamu waache kuifanya maabara kuwa ghala la madawati yaliyovunjika. Bingwa wa vinasaba huanzia kwenye hadubini ya kidato cha pili.

Nne, wawakilishi wetu, kuanzia serikali ya mtaa hadi Bungeni, waulizwe bila kuchoka: hospitali ya rufaa ya mkoa inachukua siku ngapi kutoa majibu ya kinyama? Swali hilo halijazoeleka katika mikutano ya kampeni, na lizoeleke.

Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere linalotuunganisha na Kigamboni. Mwenye kulivuka hawajui wahandisi waliolipigia hesabu, lakini anavuka salama kwa sababu walikuwapo. Daktari wa patholojia ya vinasaba ni mtu wa aina hiyo. Hatajulikana na atakaowaokoa, wala hatapewa mkono wa shukrani mlangoni mwa wodi. Basi sisi tunaojua malipo ya amali ya siri yako wapi, tungepaswa kuwa wa mbele katika kumlea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wanaokesha na watoto wenye selimundu, awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotenda wanayoyasema. Amin.

Wabillahi taufiq.